Mama Mdogo Hayumo Kwenye Orodha

Wenzake kazini humwita Pasi. Sababu ya kwanza ni kwamba hunyoosha mashuka ya hoteli kutwa nzima, hadi nguo zake mwenyewe zinanuka mvuke. Ya pili ni kwamba hata ukimchomoa kwenye umeme bado huunguza. Si mgomvi. Hasira yake huchelewa kupanda, ikishapanda haina haraka ya kushuka, na wenye busara husubiri wakiwa mbali.

Ana mtoto mmoja ambaye hakumzaa. Alizaliwa na dada yake, aliyemwacha angali anatambaa, akasema anakwenda kutafuta kazi na atarudi akishatulia. Inaonekana hajatulia. Simu yake huita bila kupokelewa, jambo ambalo Pasi huliona baya kuliko simu iliyozimwa: iliyozimwa haina habari zako, inayoita inakutazama tu. Mtoto sasa ni msichana mrefu wa majibu mafupi. Mbele za watu humwita Pasi mama mdogo, wakiwa wawili humwita mama. Hakuna aliyewahi kuona tatizo hapo. Kwetu dada wa mama ni mama; udogo wake ni wa umri, si wa kazi.

Aliyeona tatizo ni mfumo.

Mwaka huu msichana alikuwa anaingia sekondari, na uandikishaji ulikuwa wa mtandaoni tu. Zamani ulipewa karatasi, usichokijua ukakiacha wazi, mwalimu mkuu akakutazama usoni akaamua. Fomu ya sasa huuliza swali moja moja, na jibu lako ndilo linalochagua swali linalofuata. Ukisema mtoto havai miwani, huulizwi tena habari za miwani. Kwa mambo ya miwani, hiyo ni busara tupu.

Karani wa shule, mwanamke mpole mwenye sauti ya nesi, aliwakaribisha viti, akageukia kompyuta.

"Uhusiano wako na mtoto?"

"Mama mdogo."

Karani aliishusha orodha, akaipandisha. "Hayumo. Kuna mama, baba na mlezi."

"Basi weka mlezi."

Akabonyeza. Maswali mawili yakatoweka, moja likazaliwa. "Inauliza kama mama mzazi yuko hai."

"Yuko hai."

"Basi inataka aje mwenyewe aweke kidole hapa."

"Hayupo."

"Hayupo vipi, dada yangu?"

"Hayupo tu. Hajafa na hajaja."

Karani alisogeza kichwa, kama muuzaji anayetaka kukupunguzia bei wengine wasisikie. "Tumwandike marehemu. Ukisema amefariki, njia inakuwa fupi. Cheti cha kifo hawadai mpaka mwakani, na mwakani watakuwa wameshaleta mfumo mwingine."

"Umwandike dada yangu marehemu."

"Kwenye kompyuta tu. Hapa tunawaua wengi, na hakuna aliyewahi kulalamika."

Ilikuwa kweli. Makarani wa shule nyingi walikuwa wameigundua njia hiyo, kila mmoja kwa huruma yake, bila kuambizana. Kwa hesabu za idara ya elimu, shule ile ilikuwa na mayatima kama iliyopitiwa na vita, na huko juu ilisemekana wameanza kufikiria mradi wa kuwasaidia.

Pasi aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo wenzake wa hotelini wangeitambua na kutafuta shughuli nyingine, "Hii fomu ina mwenyewe?"

"Yuko idarani, ghorofa ya juu. Ila leo ndiyo mwisho. Ofisi ikifungwa, na yenyewe inajifunga."

Alimwacha msichana kwenye kiti, akaenda.

Mwenyewe alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Akasema shikamoo, Pasi akamrudishia marahaba kama anayerudisha chenji. Kijana hakuficha kitu. Aligeuza kioo cha kompyuta amwonyeshe, kwa fahari ya mtu aliyejenga nyumba yake ya kwanza.

"Ukijibu hivi, linakuja hili. Ukijibu vile, hili linafichwa. Ni kanuni tu, mama, tena rahisi. Haikosei."

"Mama mdogo yuko kanuni ya ngapi?"

"Hiyo hatukuletewa. Orodha ilitoka kamati."

"Wewe umelelewa na nani?"

"Na mama mkubwa," kijana akasema, kisha akaongeza, bila kucheka, "lakini mimi sikuandikishwa kwa mtandao."

"Basi ongeza mstari mmoja."

"Kuongeza ni kazi ya muda mfupi sana. Ruhusa ndiyo sina. Mpaka kamati ikae."

"Inakaa lini?"

"Hilo nalo huamuliwa na kamati."

Wapo ambao wangetukana. Pasi alisimama, akakirudisha kiti mahali pake. "Nikikutana na mama yako mkubwa, nitamwambia umesoma sana."

Alirudi shuleni karani akiwa ameshaanza kukusanya vikombe. Msichana alikuwa palepale.

"Mama mdogo, waambie waandike amekufa."

"Nani?"

"Yeye, nani mwingine? Waandike. Akitaka kufufuka atakuja."

Hakulia wala hakupandisha sauti, na hapo ndipo hasira ya Pasi ilipohama. Tangu asubuhi ilikuwa ya mashine, ya kamati, ya ndevu zilizochongwa. Sasa iliondoka huko kote ikamwendea mwanamke ambaye alikuwa amemtetea miaka yote mbele ya mtoto huyuhuyu: amebanwa, kazi za watu, atapiga tu.

"Mtoto hamziki mama yake kwenye kompyuta," akasema. "Hasira ni zangu, mimi ndiye mkubwa. Wewe kazi yako kusoma." Akakaa. "Karani, rudi mwanzo. Uhusiano, andika mama."

"Mama mzazi?"

"Kwani umeona wa kukodi?"

Karani aliandika. Swali la kifo likafichwa, yakachipua mengine: alizaliwa wapi, mchana au usiku, alikuwa na uzito gani. Pasi aliyajibu yote bila kukwama. Yeye ndiye aliyempeleka dada yake hospitali, na yeye ndiye aliyekabidhiwa mtoto kwanza wakati mwenzake anashonwa. Hakuna karatasi iliyoombwa. Kanuni ilikuwa na haya ya kumdai mama ushahidi. Akaweka kidole, fomu ikampongeza. Ukweli ulikuwa umedaiwa kidole cha mtu asiyepatikana. Uongo uliombwa kilo.

Nje ya lango msichana aliisoma stakabadhi, akaona jina lililokaa mahali pa mama mzazi.

"Sasa yeye ni nani?"

"Hayumo."

"Hata kwa marehemu?"

"Hata huko."

Pasi alikuwa ameshalifikiria hilo pale kwenye kiti, na lilimuuma: marehemu angalau aliwahi kuwapo. Akatoa simu, akapiga. Iliita mpaka ikachoka. Safari hii hakuirudisha mkobani. Alibonyeza ujumbe wa sauti, msichana akiwa ubavuni pake anasikia kila neno.

"Leo nimeambiwa nikuue, nikakataa. Badala yake nimekuibia mtoto, kwa kidole changu, mbele ya karani. Kosa ni langu na ninalijua. Njoo unishtaki."

Akautuma, akamshika msichana mkono, wakavuka barabara kuliwahi duka la sare.