Ng'ombe wa Mtu wa Kahe

Kwanza tulisikia kishindo cha mzigo wa majani ukitupwa chini, kisha pumzi ya mtu aliyepanda mlima na kitu kizito kichwani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, na kutoka barazani hatukuona hata mti wa kwanza wa kahawa. Bibi, mama yake baba, aliinua uso kutoka kwenye ndizi alizokuwa akimenya.

"Huyo anatafuta kazi," alisema. "Muuza majani angepiga hodi kwanza ndipo atue mzigo."

Akatokea mwanamke mwembamba, kanga imelowa umande hadi magotini. Kwao ni upande wa Mwika. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake walimtoa kwenye kihamba, shamba lile la ukoo ambamo watu wetu huzaliwa na kuzikwa, kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume. Aliyasema hayo akiwa amesimama, bila machozi, kama mtu anayeeleza njia aliyopita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ukiniibia, nani atakujibia?"

"Hakuna."

"Huna hata kaka?"

"Ninaye, Mama. Ana mke. Na mke wake ana mdomo."

Bibi alicheka, jambo ambalo hakulifanya kwa wageni. Siku ile ile yule mwanamke akaanza kukata majani na kukamua, na usiku akalala chumbani kwangu, upande wa ukutani.

Miaka ile kahawa ilikuwa na bei. Nyumba za tofali na bati zilichomoza kati ya migomba, na yetu ilikuwa mojawapo. Nyumba mpya iliita macho, na macho yaliita mikono. Watu walishuka Moshi mjini kununua makufuli. Bibi aliyadharau.

"Mwizi haingii kwa mlango," alizoea kusema. "Anaingia kwa mdomo wa mtu unayemlisha."

Kwa hiyo alipima midomo. Kila aliyeingia kwetu kufanya kazi, Bibi alimpa uongo wake peke yake, kwa sauti ya chini, kana kwamba anamkabidhi yai. Kisha alingoja. Uongo ukirudi kutoka sokoni au kisimani, alijua umetokea kinywa gani, maana hakuwa amempa mwingine.

Seremala aliyekuja kuweka madirisha aliambiwa kwamba babu alizika rupia za Mjerumani chini ya mgomba ulio karibu na choo. Jumapili tuliporudi kanisani tulikuta mgomba umelala na shimo limechimbwa hadi kwenye udongo mwekundu. Bibi alilitazama lile shimo kwa furaha ambayo sikuipenda. Seremala hakurudi hata kuchukua randa yake, na dirisha la chumba changu lilizibwa kwa gunia masika yote. Kijana wa kuchuma kahawa aliambiwa kwamba baba, mzee wa kanisa, anataka kuoa mke wa pili. Wiki haikuisha, mama akapewa pole kisimani. Kijana akafukuzwa. Mama hakupata usingizi siku kadhaa, ingawa alijua ni uongo.

Kwa mwanamke wa Mwika, Bibi hakuharakisha. Alingoja hadi mama alipoanza kumsifu. Ndipo asubuhi moja akaingia kwenye nyumba ya zamani ya majani, ambamo ng'ombe walibaki baada ya sisi kuhamia kwenye tofali. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu cha maziwa.

"Nikuambie neno," Bibi alimwambia. "Huyu mwenye madoa si wetu. Ni wa mtu wa Kahe, kule chini tambarare. Alimweka kwa marehemu mume wangu, na hajui kwamba amezaa mara mbili. Neno hili halijui mtu, hata mwanangu halijui."

"Nimesikia, Mama," alijibu, mikono yake ikiendelea kukamua.

Ulikuwa uongo mzuri kwa sababu kwetu ungeweza kuwa kweli. Mtu wa mlimani hafugi utajiri wake wote mahali pamoja. Ng'ombe mmoja humweka kwa rafiki huku, mwingine kule, ili ndugu wasihesabu na mwenye kijicho asione. Anayemtunza hunywa maziwa na kupata samadi, na siri hubaki kati ya wanaume wawili. Mmoja akifa ghafla, kama babu alivyokufa, mtoto wake anaweza kulala miaka mingi nyumba moja na ng'ombe asijue ni wa nani.

Bibi akaanza kusikiliza. Alikwenda sokoni bila haja ya kununua. Alikaa kisimani na ndoo iliyokwisha kujaa. Hakuna kilichorudi. Siku zilipita, migomba ikazaa, mwanamke yule akanenepa mashavu, na mara moja nilimsikia akiimba huku akitandika majani chini ya miguu ya ng'ombe.

"Huyu ni kaburi," hatimaye Bibi alimwambia mama. "Mpe ufunguo wa stoo."

Ufunguo haukukaa kiunoni mwake muda mrefu. Mchana mmoja alifika mwanamume aliyejifunga shuka, vumbi la tambarare limemfika magotini. Alisalimia kwa adabu, akaketi bila kuambiwa.

"Nimemfuata ng'ombe wangu," alisema. "Yule mwenye madoa. Nilimweka kwa marehemu mzee, nikiwa kwetu Kahe."

Bibi aliendelea kumenya ndizi.

"Pole kwa safari, baba. Ulimleta akiwa mkubwa kiasi gani?"

"Mtamba. Alikuwa karibu kuzaa."

"Ukapita njia gani?"

"Ya barabara kubwa. Nilimswaga mwenyewe."

"Basi ulimswaga akiwa tumboni mwa mama yake," Bibi alisema, "maana alizaliwa humu ndani na mimi ndiye niliyempokea."

"Miaka mingi, mama. Mtu husahau."

"Asahau ng'ombe? Mbona njaa yako hukuisahau Kahe? Mpeni mbege huyu, ametembea juani. Akimaliza, mwonyesheni njia, asije akaisahau nayo."

Mimi na mama tulicheka. Hata yule mtu alicheka kidogo kwenye kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Alipoondoka tu, uso wa Bibi ukafunga.

Mwanamke wa Mwika alirudi na majani mvua ikianza. Bibi alimwita sebuleni, mahali ambapo wafanyakazi hawakuzoea kuketi.

"Kafunge nguo zako."

"Nimefanya nini, Mama?"

"Nilikupa neno moja. Leo limerudi na miguu miwili, limejifunga shuka, limekunywa mbege yangu."

"Sijamwambia mtu."

"Basi ng'ombe ndiye aliyesema."

"Ningemwambia nani, Mama? Sina pa kwenda hata siku za mapumziko. Mke wa kaka yangu ameshasema nikikanyaga uani kwake atanimwagia maji ya moto. Ukinitoa leo, nitalala wapi?"

Bibi alinyoosha mkono, akaupokea ufunguo wa stoo. Mwanamke alikwenda chumbani akarudi na kifurushi chake, kidogo sana, mama akiwa amesimama karibu naye. Hapo ndipo baba alipoingia, kofia inachuruzika maji. Mama akamweleza yote.

Baba hakuketi. Aliishika kofia kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Siku ile ulipomwambia, nilikuwa nje ya ukuta wa majani, nakata matawi ya kahawa. Nilisikia, nikaamini, maana sikuwapo ng'ombe huyu alipozaliwa. Nikaona haya. Miaka yote hii nanywa maziwa ya mtu, halafu Jumapili nasimama mbele ya watu kusoma Neno la Mungu. Nilishuka Moshi siku ya soko, nikawauliza watu wa Kahe kama yupo aliyeacha ng'ombe mwenye madoa kwa baba. Nilitaka kumrudishia. Sikujua ni mtego."

Mvua ilipiga bati. Mama alishusha pumzi, akainama, akaanza kufungua fundo la kile kifurushi. Nami, nikiwa mlangoni mwa chumba changu, nilisogeza mkeka wake kwa mguu, ukae pale ukutani ulipozoea kukaa.

"Acha hilo fundo," Bibi alisema. "Aende."

"Hana kosa, Mama," baba alisema.

"Najua hana. Mpeni ndizi za njiani, mpeni na maziwa, tena mengi. Lakini sasa amejua ninavyopima. Mtu anayejua mtego ulipo, nitamtega na nini? Leo ni mwema. Kesho nitamjulia wapi?"

Mwanamke alimgeukia baba.

"Baba, sema wewe."

Serikali ilimjua baba kuwa mwenye nyumba, na kanisa vilevile. Jumbe alipotaka shauri alimwita yeye. Pale sebuleni, chini ya bati alilolinunua kwa kahawa yake mwenyewe, aliitazama kofia.

"Mama amekwisha sema," alijibu.

Yule mwanamke alikaza upya fundo ambalo mama alikuwa amelilegeza. Alikataa maziwa. Ndizi alizipokea, kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, hata kwa aliyekufukuza. Kisha akasema na Bibi bila hasira, na ingekuwa nafuu kwetu sote kama angepiga kelele.

"Mimi nilisadiki, Mama. Kila asubuhi nilikuwa namkamua taratibu. Nilikuwa najisemea, huyu naye anaishi kwa watu."

Bibi alimtangulia hadi mlangoni, akaufungua. Mvua ikaingia, ikalowesha saruji. Mwanamke alivuta kanga kichwani, akatoka na ndizi zake. Kabla hajafika kwenye migomba, Bibi aliusukuma mlango kwa bega, akaufunga.