Shingo ya Gitaa kwenye Uchanja wa Mama

Gitaa la kwanza nililolipenda lilinuka samaki. Silisingizii, kila kitu nyumbani kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, kilinuka samaki wa moshi, kuanzia blanketi mpaka sare yangu ya shule, na shingo ya gitaa hilo ilikuwa imelala juu ya uchanja wa mama miezi kadhaa kama samaki mwingine yeyote. Baba alichonga makasia ili tule, na magitaa ya umeme kwa sababu aliyapenda. Kiwiliwili alikitoa kwenye ubao wowote mzito, lakini shingo alitaka mulombwa tu, ule mti mwekundu. Alisema mulombwa uliokatwa juzi hauaminiki: leo umenyooka, mvua ikinyesha umepinda, na nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni na kulia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Dawa yake ilikuwa joto la polepole na moshi. Na moshi ulikuwa mali ya mama.

Mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, kwa hiyo kwetu Kiswahili hakikuishia sokoni kama kwa majirani, ambao nyumbani walisema Kibemba. "Pa uchanja yangu kunalala samaki," alimwambia baba alipomwomba nafasi. "Na samaki haiko na shingo." Baba akajibu, "Shingo yako njo inashinda zote, mama, na siuzishe." Mama akacheka, na hapo akawa ameshindwa. Ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, uchanja ukabaki mtupu. Akaipandisha shingo ya mulombwa juu, na kila asubuhi akawasha moto mdogo chini yake. Wanawake waliopita kwenda kuchota maji hawakumwacha. "Bana Chola, ile mti ikiiva utatuita tukule?" Chola ni mimi. "Nitabaita," mama alijibu bila kugeuka. "Mukuje na meno."

Baba alikuwa na msimamo wake kuhusu shingo. Iwe nene, ya mviringo, ijaze kiganja kama mpini wa kasia, maana wapigaji wake wote walikuwa wavuvi na mikono yao haikujua umbo lingine. Shingo nyembamba aliidharau, alisema inatoa sauti ya mgonjwa. Kila alipomaliza gitaa alinipa nilijaribu kabla mwenyewe hajaja kulichukua, na kila mara vidole vyangu viliishia njiani, havifiki uzi mnene. Nilikuwa gredi ya nne. Hili jipya liliagizwa na Papa Kazadi, mchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo aliyeongoza bendi ya kanisa lake, naye angelifuata ziwa likifunguliwa. Nililitaka mpaka nikakosa hamu ya kula. Nilimwambia mama. Baba sikuthubutu.

Baba akaenda Chienge kumzika shangazi yake. Asubuhi hiyo mama alivunja chupa, akachagua kipande chenye ukali, kama alivyomwona baba akifanya, akakaa chini na shingo mapajani. "Lete mukono." Nikashika. Akatia alama kwa mkaa mahali kiganja changu kilipokwama, akakwangua. "Lete tena." Vumbi jekundu likajaa kwenye kitenge chake. Alikwangua na kunipima, akakwangua na kunipima, mpaka vidole vyangu vikafika kila uzi utakapokaa na gumba likachungulia juu upande wa pili. Sikumuuliza mama kwamba baba atasema nini. Aliporudi, baba alipitisha kidole nyuma ya shingo, kutoka juu mpaka chini. Ndani yake alikuwa amezika fimbo ya chuma ya kuzuia isipinde. "Ungeongeza kidogo tu, ungekuta chuma," alisema. "Sikuikuta," mama alijibu. Baba akafunga shingo kwenye kiwiliwili, akakaza fimbo kwa spana ya baiskeli, akashusha nyuzi mpaka wembe tu ukaweza kupita chini yake.

Papa Kazadi alilishika gitaa akakunja uso. "Bon, Papa Chola, hii shingo njo ya nani? Vidole yangu inakanyagana." Baba akaangalia ziwa. "Ya mutoto," akasema. "Yako ingali mu muti. Itakuja." Papa Kazadi akaninyooshea gitaa. "Alors, mutoto apige, tusikie." Nilipiga.

Gitaa langu lilikwenda na maji ziwa lilipopanda mpaka jikoni. Siku hizi yanauzwa ya dukani, shingo nyembamba, hayapindi, hayanuki kitu, na sikatai, ni mazuri. Kanisani kwetu tuna moja tu, la shingo nene, la mkono wa baba. Binti yangu aliliomba, kiongozi wa bendi akamwambia angoje akue, kwa sasa ashike kayamba. Wavulana wa rika lake hawaambiwi wangoje. Kwa nini mtoto ndiye akue, wakati mti ndio unaokubali kupunguzwa? Nilimpigia mama simu nikifoka, akaniacha nimalize.

"Hiyo gita iko ya muti ao ya chuma?"

"Ya muti."

"Sasa unaniitia nini?"

Nimeshavunja chupa. Gitaa ni la kanisa, najua, na wazee wataniita kwenye kikao. Waniite. Watamkuta binti yangu anapiga.