Wembe wa Siku ya Saba

Harufu ya chuma kilichoungua hunirudisha Soweto, Mbeya, kwenye neno "haya" nililomwambia mnoa visu. Neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Babu yangu, kinyozi aliyehamia kutoka Iringa, alikuwa na nyembe za kukunja za Kifaransa zenye mipini ya pembe, alizokusanya moja moja kutoka kwa watu waliotaka kuzitupa. Ule uliokuwa mkuukuu kuliko zote haukugusa ndevu za mtu. Ulinyoa nywele za kila mtoto wa ukoo wetu siku ya saba. Ulimnyoa baba, ukaninyoa na mimi.

Mdogo wangu wa kike alipozaliwa, unyevu wa masika ulikuwa umeutia kutu wembe huo. Babu akanikabidhi niufufue kwa majivu laini, mafuta ya nazi na kitambaa. "Ukitakata, tutamnyoa pamoja, mkono wangu juu ya wako," aliniambia. "Halafu nitakufundisha kunoa." Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, mimi sikuulilia, niliaminiwa. Lakini kutu ilikuwa kaidi. Siku ya nne vidole viliniwasha, miguu haikutulia, wenzangu walipita na mpira. Ndipo akaja mnoa visu na baiskeli yake yenye jiwe la kuzunguka. "Wewe mjukuu wa kinyozi, wembe unaubembeleza kama mchumba? Lete. Kabla hujameza mate utajiona uso." Nikasema haya. Cheche ziliruka, wembe ukang'aa kweli, na makali yakageuka rangi ya samawati.

Babu aliupeleka dirishani, akaupitisha juu ya ukucha wake. "Moto umeingia. Chuma kimekufa, baba, hakitashika makali tena." Hakunipiga. Mdogo wangu alinyolewa kwa wembe wa dukani, nami nikashika bakuli la maji.

Sasa mimi ni mzee. Nyembe za Kifaransa nazisaka Chimala, Madibira, hadi Iringa, kwenye masanduku ya marehemu. Nazisugua kwa majivu, nainuka, nakaa tena. Kumi na moja zinang'aa mezani. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinyolewa kwa mashine ya saluni, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Nyembe zangu hazikati hata uzi. Baada ya siku ile Babu hakunifundisha kunoa. Alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi, na katika ukoo hakuna mwingine aliyejua. Neno langu moja liliua wembe wetu, likanikosesha ufundi wake.