Tairi Mpya za Baba Neema

Jamani, swali nililolipata darasani asubuhi ndilo lililoniletea faini mchana!

Profesa wa fizikia aliuliza: magurudumu mawili yanazunguka kwa kasi ileile, moja kubwa, moja dogo. Lipi linasonga mbele haraka zaidi?

Nikawahi kunyoosha mkono. Kubwa! Kila likizunguka mara moja, linameza barabara zaidi.

Nikapigiwa makofi. Kichwa kikavimba.

Sasa narudi zangu nyumbani, mjini Mansfield, mshale wa spidi umetulia kwenye maili sabini kwa saa, spidi halali kabisa. Mara taa za polisi nyuma yangu.

"Ulikuwa sabini na sita."

Nikabisha! Nikabisha mpaka koo likakauka.

Askari akainama. "Hizi tairi ndizo zilizokuja na gari?"

Hapo ndipo nikakumbuka.

Juzi mume wangu kafunga tairi kubwa, eti gari ipendeze. Dashibodi yenyewe inahesabu mizunguko tu, haijui kwamba tairi zimenenepa.

Wenzangu mlioolewa na wapenda magari, mnaishije?

Nafika nyumbani, yuko mlangoni anachekelea. "Mama Neema, gari si inakwenda sasa?"

Inakwenda, Baba Neema. Inakwenda kuliko inavyosema.