Bibi Alipoichanja Migomba

Majani ya mtishamba wa muravumba yakichemka hutoa harufu kali inayopanda puani na kukaa huko, na nyumba yetu ya Niboye ilinuka hivyo mwaka mzima. Mama yangu alikuwa mtafiti wa mimea. Kazini alichunguza magonjwa ya mazao na mitishamba inayotibu watu, na jikoni alituchemshia mitishamba hiyohiyo kila tulipokohoa. Sare yangu ya shule ilinuka dawa, wenzangu wakaniita mganga, nami jina hilo halikuniudhi kama walivyotaka. Nyumbani tuliongea Kiswahili, kwa sababu wazazi wangu wote wawili walikulia ukimbizini Karagwe, upande wa Tanzania.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne, migomba ya bibi iliugua. Bibi, mama yake baba, aliishi Kabuga, na shamba la nyuma ya nyumba yake alilianzisha kwa machipukizi aliyorudi nayo kutoka Karagwe. Wenzake walirudi na ng'ombe na masanduku. Yeye alikumbatia machipukizi njia nzima, na waliomcheka aliwapa ndizi baadaye ili wanyamaze. Jumapili moja baada ya ibada tulimkuta amesimama shambani. Migomba michache ya pembeni ilikuwa imegeuka manjano, majani yamelegea, ndizi zimeiva kabla ya kukomaa. Mama alipokata shina moja, lilitoka usaha. Kwa Kinyarwanda ugonjwa huo huitwa kirabiranya, na hauna dawa. Mama alishauri ile michache ing'olewe siku hiyohiyo ili mingine yote isalimike.

"Mukazana wangu," bibi alisema, kwani ndivyo mke wa mwana anavyoitwa kwetu, "watu unawapikia dawa. Migomba yangu iko inaumwa, wewe unaniletea panga?"

Mama hakubisha. Alichukua kipande cha shina akaenda nacho maabara, na siku chache baadaye akamwonyesha baba picha. Ilikuwa ya kisahani cha kioo kilichojaa vijidudu vya ugonjwa ule, na katikati, pale alipodondosha maji ya muravumba, palikuwa na duara safi ambamo havikuota. Alifurahi, na mama hakuwa mtu wa kufurahi ovyo. Alieleza kwamba huo ni mwanzo tu, kwamba kisahani si shamba. Baba alisikia nusu ya kwanza. Habari njema haikuwahi kukaa mdomoni mwake, akampigia mama yake simu palepale.

"Mama, dawa imepatikana!"

Tuliporudi Kabuga wiki kadhaa baadaye, bibi alitupokea langoni akiwa mchangamfu kupita kiasi. Hakuwa ameng'oa hata mgomba mmoja. Alikuwa amechemsha muravumba sufuria nzima, akachukua kisu na kuichanja migomba kama waganga wa zamani walivyowachanja watoto: mikato midogo kwenye shina, kisha dawa inasuguliwa ndani. Alianza na iliyougua. Halafu, kwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba, akaichanja na mizima, yote, kwa kisu kilekile.

Mama alisimama katikati ya shamba akipapasa mikato ile. Majani yalikuwa yameanza kulegea kila upande. Niliogopa, na si kwa ajili ya ndizi. Sikuwahi kumwona mama akigusa mmea kwa woga. Bibi naye hakuwa mjinga. Alimtazama mkwewe usoni, na uchangamfu wote ukamwisha.

"Niambie kweli. Ni dawa yako imeua, ao ni mkono wangu?"

"Ni kisu, mama," mama akajibu. "Kinabeba ugonjwa kutoka mgomba huu kwenda ule. Kingepitishwa motoni kila mara, kisingeubeba."

Shamba lote liling'olewa wiki hiyo. Baba alichimba bila kuinua macho. Bibi alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni ndizi tu.

Bibi ameshafariki, na pale palipokuwa na migomba pana nyumba za kupangisha na ua wa saruji. Maabara ya mama sasa ina mashine ambazo wakati ule aliziona vitabuni tu, lakini kirabiranya bado hakijapata dawa. Dawa zilizopatikana ziko kwenye simu: kila wiki napokea ujumbe unaotangaza moja, umesambazwa na watu wazuri wenye haraka kama ya baba. Mama siku hizi haonyeshi mtu picha ya kazi ambayo haijakamilika.

Juzi, tukila chakula cha mchana, nilimuuliza kama jibu alilompa bibi lilikuwa kweli. Alisema lilikuwa kweli, ila halikuwa lote. Mkono wa bibi ulikuwemo, ulimi wa baba ulikuwemo, na furaha yake mwenyewe ilikuwemo. Alichagua kukilaumu kisu kwa sababu, katika sisi sote, hicho peke yake hakikutarajiwa kuketi mezani Jumapili iliyofuata.