Michi Miwili, Kinu Kimoja

Miezi mitatu baada ya ndoa, mama mkwe wangu alinitolea hukumu. Wajomba wa mume wangu walikuwa wanakuja Jumapili kutoka Isangi, na kama nitakuwa bado sijajua kutwanga pondu naye, wifi yangu atashika mchi wangu, na mimi nitaosha sahani mbele ya ukoo mzima. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kabondo, mtu wa kusalimiwa njiani. Sahani zile zilininyima usingizi.

Pondu, yaani majani ya muhogo, tunaitwanga wawili: mmoja akishusha mchi, mwenzake anainua wake. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, na kila nikifika mbili michi inagongana.

"Unatwanga sawa vile unafanya dictée," alisema mama mkwe. "Kila mara point, virgule." Kwake nilikuwa nasomea watoto imla, nukta na mkato.

Siku hizo nilikuwa nasoma kitabu kikuukuu cha Kifaransa kuhusu njia ya Buddha. Kilisema fundi wa kweli hajilazimishi. Akiisahau nafsi yake, kazi inajifanya yenyewe, na hasira ndiyo kizuizi kikubwa. Basi Alhamisi nikafumba macho juu ya kinu, nikapumua polepole, nikaisahau nafsi yangu. Nilikisahau na kinu. Mchi ulitua kando ya kidole cha mguu cha mama mkwe.

Jumamosi alianza asubuhi na mapema.

"Mutoto yangu alikuwa na mashavu mbele ya kukuoa," alisema huku anatwanga.

Uvumilivu ulinishinda. "Mashavu gani, mama? Mulinipatia mifupa."

"Mifupa? Iko muchele yako ya maji-maji ilimukondesha."

"Ile muchele anakulaka sahani mbili. Hapa alikuwa anakula nini?"

Tuliendelea hivyo, neno kwa neno, jasho likitutoka, hakuna aliyetazama chini. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Nilipokuwa natafuta jibu kali zaidi, mama mkwe akasimamisha mchi. Pondu ilikuwa laini, haina hata kijiti. Mikono yangu ilikuwa imetwanga muda wote huo bila kuniuliza. Furaha ilinijaa mpaka nikataka kulia, na hasira bado ilikuwepo.

Mama mkwe alichota kidogo kwa kidole, akakagua kwa muda mrefu, akakosa kosa.

"Bon," alisema. "Kesho dimanche tutatwanga sisi wawili." Akainua sufuria. "Lakini batonton, bajomba ba Isangi, watakuwa hapa. Donc, basi, ukuje na matusi ya heshima."