Njuga Zilizolia Zenyewe

Njuga za mdogo wangu zililia akiwa amekaa kimya.

Hakuimba. Hakucheza. Alikuwa ameketi kwa mjomba wetu kule Kanduyi, mikono iliyoshika njuga imelala magotini, na njuga zikawa zinalia zenyewe. Chi-chi-chi-chi.

Mjomba Wepukhulu akaacha kutafuna.

"Wewe Mukhisa, si ulisema umechoka? Nani amekuambia ucheze?"

"Sijacheza, mjomba."

"Basi ati ni mimi nazicheza?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua ni nini.

Ilikuwa 1958, mwaka wa tohara kwetu Bungoma. Kijana huzunguka na njuga akialika jamaa zake. Siku yenyewe husimama mbele ya kijiji kizima bila kupepesa hata kope. Akitetemeka, ataitwa mwoga mpaka azeeke, na watoto wake wataitwa watoto wa mwoga.

Mukhisa alikuwa na miaka kumi na tisa. Wenzake walitahiriwa msimu uliopita. Yeye wakati huo alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba yetu, Kamukuywa, akijibizana na sauti ambazo sisi wengine hatukuzisikia.

Mimi ndiye niliyemfungua kamba ile.

Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, nikapata kazi katika hospitali moja ndogo Kitale. Daktari alikuwa amepokea dawa mpya, klopromazini. Alituambia wazi kwamba hakuna anayejua vizuri inafanya nini ndani ya ubongo.

"Inanyamazisha sauti," alisema. "Lakini inaweza kukaza misuli na kutetemesha mikono. Mkiona hivyo, njooni mniambie."

Nilimleta Mukhisa, akaanzishiwa dawa hiyo, na sauti zilinyamaza kweli. Akarudi nyumbani kupalilia mahindi. Akarudi hata kunitania.

"Dada Dinah, na hiyo haya yako, utaolewa na nani? Ukuta?"

Kisha mikono ikaanza kutetemeka.

Siku ile tukitoka Kanduyi, alizishika njuga kifuani zisilie.

"Dada, mimi siogopi kisu. Ni hii mikono tu. Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Na wengine?"

Nikaongeza mwendo.

Ningeweza kumwambia daktari. Mlango wake ulikuwa wazi kila asubuhi. Lakini mimi nikisimama mbele ya mkubwa, ulimi hufa, nabaki kuangalia viatu vyake. Tena niliogopa atasema, "Achaneni na hiyo tohara." Nikaamua peke yangu.

Niliacha kumpelekea vidonge.

"Daktari amesema upumzike kidogo," nikamdanganya.

Hakuuliza mara mbili. Angeuliza vipi, na ni mimi niliyemfungua kamba?

Mtetemeko ukapungua wiki baada ya wiki. Njuga zikawa zinalia anapotaka yeye. Nikajiona nimefanya la maana.

Asubuhi ya tohara alipanda kutoka mtoni amepakwa matope mwili mzima kama ilivyo desturi, akasimama uani kwa baba. Macho mbele. Ndege angeweza kutua begani mwake akajenga kiota.

Hakutikisika.

Mjomba Wepukhulu alilia machozi mbele za watu. "Huyu ni wetu! Nani alisema anatetemeka? Nani?"

"Si ni wewe, bwana," shangazi Lenah akamjibu, na vigelegele vikazidi.

Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Siku chache baadaye mama alinitumia mtu Kitale. Mukhisa amekataa kula. Anasema uji una sumu. Ametoka mbio kwenye kibanda anamopona, kidonda kikiwa bado kibichi, wakamkamata katikati ya mahindi, damu imetapakaa miguuni.

Nilimkuta amefungwa kwenye nguzo.

Nguzo ileile.

Hapo ndipo nilipopata ulimi. Nilirudi Kitale, nikaingia kwa daktari bila kubisha hodi, nikamwambia yote nikilia.

Hakunifokea. Alifungua kabati, lile ninalolipanguza mimi, akatoa chupa ya vidonge.

"Hivi vinatuliza mtetemeko. Mgonjwa anavimeza pamoja na ile dawa nyingine. Ulikuwa na haja gani ya kuikatiza?"

Chupa ile niliijua. Nilidhani ni ya wazee wanaotetemeka tu. Niliipanguza vumbi kila nilipofanya usafi, nikairudisha mahali pake.

Mukhisa alianza tena dawa, zote mbili. Kidonda kilichukua muda kupona. Akili ilichukua muda zaidi.

Alipotulia, nilimwambia kwamba daktari hakusema lolote, kwamba ni mimi. Nikamwomba msamaha kwa sauti zilizomjia kibandani.

Akanitazama sana.

"Hazikunijia kibandani, Dada."

"Zilikujia lini?"

"Mtoni. Asubuhi ile. Zilisema mtahiri ametumwa anichinje, na kwamba wewe umewekwa pale uani unizuie nisikimbie."



"Na bado ulisimama?"

"Nilikuona kwenye kundi la akina mama, unaniangalia. Nikasema, kama Dinah ndiye anayeniua, basi nife nimesimama."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa umetulia kabisa. Wangu ndio uliotetemeka.

Kijiji kizima kinamsifu Mukhisa kwa kustahimili kisu, na hawajui hata nusu ya alichostahimili. Hiyo nusu nyingine nilimbebesha mimi.

Nami wananisifu. Nikipita sokoni Kamukuywa wanasema, "Huyo ndiye dada aliyemponya." Nainamisha kichwa. Wao husema, "Tazama msichana mnyenyekevu."

Si unyenyekevu ule.

Nilizoea kudhani haya yangu ni upole. Lakini haya inayomnyima mgonjwa swali moja tu si upole hata kidogo. Kama una mgonjwa nyumbani na dawa inamsumbua, usiikate kimyakimya. Nenda ukaulize.

Hata kama utauliza ukiangalia viatu.